Kabla ya Kuuliza "Dawa Gani?", Tuulize "Ndege Gani?"

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia juu ya shore, ndege wa uani

(Mazungumzo haya yalitolewa katika mkutano wa vikundi vya vijijini. Tumeyaandika hapa ili vikundi ambavyo havikuweza kufika navyo viyasome na kuyajadili.)



Tunajua kila mmoja wenu ameacha kazi shambani. Leo hatukuja kuzungumza juu ya mikopo, wala mizinga ya nyuki, wala mbuzi wa maziwa. Leo tunazungumza juu ya ndege. Naam, ndege. Tunaona wengine wanacheka. Chekeni tu, lakini tunawaomba msiondoke bado, kwa sababu jambo hili linagusa mfuko wa kikundi, na linagusa pia maisha ya watoto wetu.

Tunapozunguka vijijini, kuna swali moja tunaloulizwa karibu kila mahali penye bustani ya mboga au miti ya matunda. Watu wanatuuliza: "Tutumie dawa gani kuua ndege?" Sisi nasi tunajibu kwa swali: "Ndege gani?" Hapo watu hutazamana. Mmoja husema, "Hawa ndege tu, hawa wadogo wadogo." Mwingine husema, "Wale wa kelele." Jamani, mtu akija kwako akasema ameibiwa na "mtu," utamsaidiaje? Lazima kwanza ajue ni nani. Na asipojua, atampiga jirani asiye na hatia.

Basi leo tumechagua jirani mmoja tu ili tujifunze kumtambua vizuri. Huyu ni shore. Sehemu nyingine huitwa shorwe, na kila lugha ya mama ina jina lake. Ukifungua vitabu vya ndege vya Kiingereza, utamkuta kwa jina la bulbul. Tumemchagua kwa sababu yuko karibu kila boma la Kenya penye mti au kichaka: Pwani kwenye miembe, Nyanza na Magharibi, Mlima Kenya, Bonde la Ufa, hata katikati ya mji wa Nairobi. Mkimjua shore vizuri, mtakuwa na kipimo cha kuwajulia wengine.

Katika kazi yetu ya vikundi tumezoea njia ya hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Tuifuate hiyo hiyo.

KUONA

Shore ni mkubwa kuliko shomoro na ni mdogo kuliko njiwa. Urefu wake, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ni kama sentimita 18 hadi 20. Chukua penseli mpya ya mtoto wa shule, hiyo ndiyo karibu urefu wake.

Kwa mbali utamwona ni ndege wa kahawia tu, hana urembo. Ndiyo maana watu wengi huishi naye miaka yote bila kumtazama. Lakini mkaribie kidogo, uangalie sehemu tatu:

1. Kichwa. Ni cheusi au cheusi-kahawia, cheusi kuliko mgongo. Manyoya ya utosini yanasimama kidogo, kama mtu aliyeamka asubuhi hajachana nywele. Si kishungi kirefu chenye ncha. Ni kidogo tu, na akitulia hulala.

2. Chini ya mkia. Hapa ndipo penye alama kubwa. Pale mkia unapoanzia, upande wa chini, pana manjano safi kama kiini cha yai la kienyeji. Tumbo lenyewe ni jeupe-jeupe, kifua ni kahawia. Akiwa juu ya mti nawe uko chini, hiyo manjano utaiona kabla ya kitu kingine. Ukiona kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, usitafute zaidi. Huyo ni shore.

3. Mdomo. Ni mweusi, mwembamba kiasi, wala si mfupi na mnene kama wa shomoro. Jambo hili la mdomo tutalirudia, kwa sababu mdomo wa ndege hukuambia chakula chake, kama vile vyombo vya fundi hukuambia kazi yake.

Dume na jike wamefanana. Usijisumbue kuwatofautisha kwa macho. Mara nyingi utawaona wawili wawili, na kwenye mti wenye matunda yaliyoiva wanaweza kukusanyika wengi.

Tazama pia mwendo wake. Shore hapendi kukaa kimya ndani ya kichaka. Hupenda kutua juu, mahali pa wazi, kwenye ncha ya tawi au kwenye waya. Akishatua hugeuza kichwa huku na huku, hupiga mabawa kidogo, na huita.

Na sauti yake je? Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, hata kwa mzee ambaye macho yamepungua nguvu. Shore ni kati ya ndege wa kwanza kuamka. Kabla jua halijatoka, saa kumi na moja na nusu hivi, utamsikia. Wimbo wake ni mfupi, wa sauti tatu au nne zilizojaa, zenye kupanda na kushuka, kisha ananyamaza kidogo na kurudia. Haimbi mrefu. Ni kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, anangoja jibu, anaita tena. Kaeni mlangoni asubuhi moja, mmsikilize, kisha kila mmoja aseme anasikia maneno gani. Katika vijiji vingi wazee walishampa maneno ya kusema. Waulizeni. Hiyo ni elimu yetu, isipotee.

Ana sauti nyingine pia, ya kukwaruza, ya haraka, isiyokoma. Hiyo si wimbo. Hiyo ni tahadhari. Shore akimwona nyoka, paka, nguchiro au bundi, hupiga kelele bila kuchoka, na ndege wengine huja kumsaidia. Mama ukiwa jikoni na usikie shore wanagombeza sehemu moja ya ua bila kunyamaza, ita watoto waje karibu, kisha tazama kwa uangalifu. Si mara zote ni nyoka. Lakini kutazama hakuna gharama.

WASIOKUWA SHORE

Methali inasema ndege wa rangi moja huruka pamoja. Ni kweli, lakini nasi tusiwatie wote katika kapu moja. Hawa ndio ambao watu wengi huwachanganya na shore, au huwalaumu pamoja naye:

Kuzumburu, ambaye wengine humwita pasa. Ana kishungi kilichosimama kabisa, na mkia mrefu sana, mrefu kuliko mwili wake, umening'inia kama wa panya. Hutembea kwa makundi, hutambaa ndani ya matawi, huning'inia. Huyu hula matunda, na pia hula majani, machipukizi na maua. Mkiona miche ya mboga imekatwa-katwa, mchunguzeni huyu kabla ya shore. Chini ya mkia wake hakuna manjano.

Mnana, au kwera, yule fundi wa kufuma viota vinavyoning'inia. Wengi wao wana manjano mwilini, si chini ya mkia peke yake. Mdomo wao ni mnene, wa kuvunja mbegu.

Shomoro. Huyu mnamjua. Anaishi kwenye paa, anadonoa posho iliyomwagika. Mdomo wake ni mfupi na mnene.

Kwelea kwelea. Ni mdogo kuliko shore, na mdomo wake ni mnene, kwa kawaida mwekundu. Haji wawili wawili. Huja kama wingu. Huyu ndiye adui wa kweli wa mtama, wimbi, ngano na mpunga. Ndege mmoja wa aina hii hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Hesabuni wenyewe: kundi la ndege milioni moja litakula kilo 10,000 kwa siku moja, yaani zaidi ya magunia 100 ya kilo 90. Mwaka wa 2023 waliingia mashamba ya mpunga katika Kaunti ya Kisumu, na serikali ikalazimika kunyunyizia dawa. Hilo ni janga la wilaya nzima, wala kikundi kimoja hakiwezi kupambana nalo kwa bomba la mgongoni. Kazi yenu hapo ni kupiga ripoti mapema kwa afisa wa kilimo au kwa chifu.

Sasa turudi kwenye mdomo. Mdomo mnene na mfupi ni kama kinu, huvunja nafaka. Mdomo mwembamba kiasi kama wa shore ni wa kuchuma tunda laini, kunyonya maji ya maua, na kukamata wadudu. Kwa hiyo mtu akikuambia shore wamemaliza mtama wake, mwambie kwa upole atazame tena. Shore si mlaji wa nafaka.

KUAMUA: NI RAFIKI AU NI ADUI?

Hapa tuseme ukweli wote, kwa maana tukiwaambia nusu hamtatuamini kesho.

Shore anakula matunda yenu. Anapenda papai lililoiva, pera, nyanya, na matunda ya porini. Anakula hata pilipili. Wengine wenu mnanyunyizia maji ya pilipili kwenye matunda mkidhani yatamfukuza. Jamani, mnapoteza pilipili. Ndege hawasikii ule ukali unaotuchoma sisi na wanyama wengine. Kwake pilipili ni tunda tamu tu kama mengine.

Lakini upande wa pili wa daftari, andikeni haya. Shore hula wadudu pia. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, mtamwona akiwarukia hewani. Anapokuwa na makinda huwatafutia viwavi na wadudu wengine laini, kwa sababu kinda haliwezi kukua kwa papai peke yake. Na wakati wa kulea ni wakati wa mvua, yaani wakati ule ule mboga zenu zinaposhambuliwa na viwavi.

Tena, shore ni mpanda miti. Anakula tunda hapa, anaruka, anaangusha mbegu kule. Katika msitu wa Kakamega watafiti wamemhesabu miongoni mwa ndege wanaokula matunda ya mwiria, ule mti ambao maganda yake hutumiwa kwa dawa. Mikuyu nayo hupandwa na ndege. Miti mingapi ya ua wako ulipanda wewe mwenyewe, na mingapi uliikuta tu imeota? Ile uliyoikuta, mwulize shore. Hata hivyo tusimfanye malaika: hueneza pia lantana, ule mmea wa maua ya rangi nyingi unaofunga malisho. Yeye hachagui. Kuchagua ni kazi yetu, na lantana ikiota, kazi ya kuing'oa mapema ni yetu.

Sasa tuwasimulie jambo lililotokea katika kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea. Wana shamba la pamoja, mistari ya sukuma wiki, nyanya kidogo, na mipapai kando ya ua. Msimu mmoja hasara ilizidi. Miche ilikatwa, mapapai yalitobolewa. Katika mkutano wakakubaliana kuchanga pesa wanunue sumu ya wadudu, waipake kwenye vipande vya papai, waviweke shambani. Mwekahazina alikuwa ameshaanza kukusanya. Ndipo mwenyekiti akasema, "Tungoje Jumamosi moja tu. Tuwaangalie kwanza." Wengine walinung'unika, lakini walikubali.

Jumamosi ile wakakaa wanne, kila mmoja na pembe yake ya shamba, tangu alfajiri. Waliona nini? Kwenye mapapai, ni kweli, walikuwako shore, pamoja na kuzumburu. Shore waligusa yale yaliyokwisha iva juu. Kwenye sukuma wiki za upande wa juu walikuwa kuzumburu. Na upande wa chini, mahali penye hasara kubwa kuliko pote, mwizi alikuwa nani? Walikuwa kuku! Kuku wa mwanachama, wanaingia kwa tundu la ua, wanachakura miche, wanarudi nyumbani kabla watu hawajaamka.

Mlicheka mwanzoni, na sasa mnacheka tena. Lakini hebu fikirini. Kama sumu ile ingewekwa, nani angekula kwanza vile vipande vya papai? Ni kuku wale wale. Na baada ya kuku? Kuku akifa ghafla, nyumba ngapi humtupa, na nyumba ngapi humchinja haraka kabla "hajaharibika"? Na mtoto wa miaka mitatu akikuta kipande cha papai chini, ataulizaje kama kimepakwa sumu?

Hatusemi haya kuwatisha. Mambo haya yametokea katika nchi yetu. Huko Bunyala, upande wa Ziwa Victoria, watafiti wameonyesha jinsi ndege walivyotegwa kwa sumu iitwayo kabofurani katika mashamba ya mpunga, kisha nyama yao ikauzwa watu wale. Kabofurani ni dawa iliyotengenezwa kuua wadudu wa udongoni. Punje moja yake yaweza kuua ndege mdogo. Ilipotumiwa kwenye mizoga iliua simba na tai pia, na kelele zikawa nyingi hata kampuni iliyoitengeneza ikaanza kuiondoa katika maduka ya Kenya mwaka wa 2009. Hata dawa ya fenthion inayonyunyiziwa kwelea kwelea na wataalamu haichagui. Mwewe au bundi akila ndege aliyekufa kwayo, naye hufa. Na bundi akifa, panya wa ghala lako wanafanya sherehe.

Basi uamuzi wetu uko wapi? Tunaona ni huu: shore ni jirani mwenye kula kidogo na kufanya kazi kidogo. Hastahili kuuawa, wala hastahili kuachiwa papai lote. Jirani wa namna hiyo huwekewa mpaka.

KUTENDA

Haya ndiyo mambo ambayo kikundi kinaweza kufanya bila fedha nyingi.

Kwanza, chunga wakati wa kuchuma. Papai likianza kuonyesha mistari ya manjano, lichume, likaivie nyumbani siku chache. Shore hulifuata lililoiva. Ukilichuma mapema kidogo, umemtangulia.

Pili, funika yale unayotaka yaivie mtini. Gunia kuukuu, mfuko wa karatasi, au kipande cha neti kinatosha. Ukitumia neti, ikaze vizuri ili ndege wasinaswe.

Tatu, tundika vitu vya kung'aa au vya kuvuma kwenye upepo, kama utepe wa kaseti kuukuu. Lakini usiviache mahali pamoja. Ndege si wajinga. Baada ya siku chache watakalia ule ule utepe. Hamisha mara kwa mara.

Nne, acha mti mmoja au miwili ya matunda ya porini pembeni mwa shamba. Ni kama kumpa mgeni kiti chake ili asikae kwenye kitanda chako. Ndege wenye chakula chao pembeni hawana haja kubwa ya kuja katikati.

Tano, wakati wa mvua chunguzeni ua kabla ya kuufyeka. Kiota cha shore ni kama kikombe kidogo cha vijiti na nyasi, kimefichwa kwenye panda ya tawi. Ndani mtakuta mayai mawili au matatu, yenye madoadoa mekundu-mekundu. Makinda hutoka baada ya wiki mbili hivi, na baada ya wiki mbili nyingine huwa wameondoka. Fyeka sehemu nyingine, urudi hapo baadaye. Na mkimwona shore akilisha kinda kubwa kuliko yeye mwenyewe, msishangae. Kuna kekeo mmoja mweusi na mweupe, mwenye kishungi, ambaye hutaga yai lake katika kiota cha shore na kumwachia kazi ya kulea.

Sita, zungumzeni na vijana wenye manati. Tusiwapigie kelele tu. Kijana mwenye jicho la kulenga shore ana jicho la kumtambua pia. Mpeni daftari. Awe karani wa ndege wa kikundi.

Daftari lenyewe ni rahisi. Pigeni mistari mkapate nafasi tano: tarehe, saa, ndege gani, wangapi, na walikuwa wanafanya nini. Chagueni mahali pamoja, dakika 15, asubuhi saa kumi na mbili na nusu, mara moja kwa wiki. Msitumie miwani ya mbali kama hamna. Macho yanatosha kwa ndege wa uani. Yule msiyemjua, andikeni ukubwa wake ukilinganisha na shomoro, shore au njiwa, kisha rangi ya kichwa, mdomo, na mkia. Baada ya msimu mmoja mtajua nani anakula nini katika shamba lenu, si kwa kukisia, bali kwa maandishi. Na mkienda kwa afisa wa kilimo na daftari hilo, atawasikiliza tofauti.

Kwa wale wanaotaka kuendelea, ujueni kwamba nchi hii ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Chama kinachoitwa Nature Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1909 kwa jina jingine, kina watu wanaowajua. Na tangu mwaka wa 2013 kuna mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya ambao hupokea habari kutoka kwa watu wa kawaida, hata kwa simu ya mkononi. Shore wa ua wako wanahesabika huko. Usidharau kitu kwa sababu ni cha kawaida. Nafaka nayo ni ya kawaida, na ndiyo tunayoila.

Wakati mwingine tunaulizwa, "Kazi ya ustawi wa jamii na ndege vina uhusiano gani?" Jibu letu ni fupi. Kikundi kinachoweza kungoja Jumamosi moja ili kione kabla ya kuamua, kitaweza kungoja pia kabla ya kumshtaki mwekahazina kwa uvumi, kabla ya kumfukuza mwanachama, kabla ya kukopa pesa wasizohitaji. Haraka haraka haina baraka. Macho ni mali ya kikundi. Tuyatumie.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika lugha yetu ya mama shore anaitwaje? Wazee wanasema anaimba maneno gani?

2. Msimu uliopita tulipata hasara gani shambani kwa sababu ya ndege? Je, kuna mtu aliyewaona kwa macho, au tulikisia?

3. Ni nani kati yetu anaweka sumu ya wadudu nyumbani? Imewekwa wapi, na mtoto anaweza kuifikia?

4. Mdomo wa ndege unatuambia nini? Taja ndege watatu wa kijiji chetu na chakula cha kila mmoja.

5. Ni kijana gani tutampa daftari? Atatusomea lini yale aliyoyaandika?

6. Kuna jambo gani jingine katika kikundi chetu ambalo tumeliamua kabla ya kuliona?